Watani wa Jadi: Maelezo ya Neno kwa Njia ya Mchezo wa Nyamagana, 1974

Msikilizaji wa redio aliyeko Karuba, katika milima ya Masisi, hukutana na Kiswahili cha aina mbili kwa siku moja. Cha kwanza ni kile kinachosemwa sokoni na uwanjani mwa shule, kando ya Kihunde na Kinyarwanda, chenye 'mupira', 'ekipe' na 'batoto'. Cha pili ni kile kinachotoka mbali kwa mawimbi ya hewa, chenye 'kandanda', 'timu' na 'watoto'. Tofauti nyingi kati ya hivyo viwili hazimpi taabu. Sikio hufanya kazi yake lenyewe, na aliyezoea 'batoto' huwatambua 'watoto' bila kufundishwa. Lakini yapo maneno machache ambayo hayaeleweki kwa kubadilisha kiambishi tu, kwa sababu yamebeba desturi nzima ndani yake, na desturi haisafiri pamoja na sauti. Mojawapo ni 'watani wa jadi', jina wanaloitwa Simba na Yanga wa Dar es Salaam kila wanapokutana.

Asiyeijua desturi hiyo hulifasiri jina hilo kwa neno lililo karibu naye zaidi. Husikia kwamba timu mbili zimeshindana tangu zamani, kwamba mashabiki wa moja hawaipendi nyingine hata kidogo, kwamba mji mzima husimama siku ya mchezo. Basi huhitimisha kwamba 'watani' ni 'maadui'. Kosa hilo ni la kawaida, na limeonekana hata katika tafsiri za wanafunzi wa chuo wanaogeuza habari za michezo kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa. Makala haya yanakusudia kulieleza neno hilo, na njia iliyochaguliwa ni kuanza na mchezo mmoja wenyewe, kwa kuwa ndani yake maana ya utani inaonekana wazi kuliko katika kamusi.

Mchezo huo ulichezwa tarehe 10 Agosti 1974 katika Uwanja wa Nyamagana, mjini Mwanza. Ulikuwa mchezo wa kuamua ubingwa wa taifa. Yafaa kuzingatiwa kwamba timu zote mbili ni za Dar es Salaam, na maskani yao yamo katika eneo moja la mji, Kariakoo na ujirani wake: Yanga Jangwani, Simba katika Mtaa wa Msimbazi. Majirani hao wawili walisafiri zaidi ya kilomita elfu moja, hadi ufukweni mwa ziwa, ili wakamalizane mbele ya watu wa kanda nyingine. Simba ilikuwa bingwa mtetezi, maana ilitwaa taji la mwaka 1973, na mwaka huohuo wa 1974 ilifika nusu fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika, ilikotolewa na Mehalla ya Misri. Yanga kwa upande wake ilikuwa imetwaa ubingwa wa nchi mara tano mfululizo, tangu 1968 hadi 1972, na ilitaka kurudishiwa kile ilichokiona kuwa chake.

Katika dakika ya 16 Adam Sabu aliifungia Simba bao. Bao hilo lilidumu dakika 71. Mtu aliyewahi kutazama mpira anajua kinachotokea katika muda kama huo: wanaoongoza huanza kuuhesabu ushindi, na wanaofungwa huanza kutafuta maneno ya kujitetea mtaani kesho yake. Katika dakika ya 87 Gibson Sembuli alisawazisha. Ukaongezwa muda, na katika dakika ya 97 Sunday Manara akafunga la pili. Simba ilibakiwa na dakika 23 za kurekebisha mambo, haikuweza. Yanga 2, Simba 1, na taji likarudi Jangwani.

Manara huyo ndiye aliyeitwa 'Kompyuta', wakati ambapo watu wengi waliomwita hivyo hawakuwa wamewahi kuiona kompyuta yenyewe. Baadaye katika miaka hiyo ya 1970 alikwenda Uholanzi kuichezea Heracles. Jina lake la utani linastahili makala yake peke yake. Hapa itoshe kusema kwamba 'jina la utani' na 'watani wa jadi' yanatoka katika neno moja, jambo ambalo wengi hulisahau.

Timu hizi mbili zilitokana na shina moja. Young Africans iliundwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, baadhi ya wanachama walijitenga wakaunda klabu yao, ambayo kwa nyakati mbalimbali iliitwa Queens, Eagles na Sunderland, hadi mwaka 1971 ilipochukua jina la Simba. Kwa hiyo, tangu mwanzo, ugomvi wao ni ugomvi wa ndani ya nyumba. Kifaransa cha magazeti ya michezo kina msemo wa kuwaita washindani wa namna hii 'ndugu maadui', na msemo huo unaikaribia hali yenyewe, ila unaweka uzito kwenye uadui na kuuacha undugu uwe pambo. Kiswahili kilifanya kinyume chake.

Utani, kwa asili yake, si mzaha wa aina yoyote ile. Ni uhusiano unaotambuliwa na jamii, wenye haki na wajibu. Wanaanthropolojia waliuandikia mapema: Radcliffe-Brown aliutolea nadharia mwaka 1940, na Moreau aliyakusanya mambo ya utani wa Tanganyika katika miaka hiyohiyo. Upo utani wa ndani ya ukoo, kama ule wa babu na mjukuu au wa mashemeji, ambao unajulikana pia katika jamii nyingi za Maziwa Makuu. Na upo utani wa kabila na kabila, ambao ndio unaohusika hapa. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19. Wajukuu wao ni watani. Utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani huelezwa kwa habari za misafara: wapagazi waliopita katika nchi za wenzao mwaka hata mwaka, wakihitaji maji, chakula na mahali pa kulala, na wenyeji waliohitaji kujua wageni hao ni watu gani.

Katika uhusiano huo mtani ana ruhusa ya kumtukana mtani wake, kumnyang'anya kitu kidogo, kumcheka mbele ya wakwe. Ruhusa hiyo huonekana zaidi msibani. Mtani huja matangani, huigiza mwendo na sauti ya marehemu, huweza hata kuzuia kaburi lisifukiwe mpaka apewe fedha. Lakini mtani huyohuyo ndiye anayechimba, anayebeba, anayepika, anayefanya kazi ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Matusi na msaada ni vya mtu mmoja, na aliyetukanwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, yeye ndiye aliyekosa, na watu wote waliopo watamhukumu hivyo.

Mofolojia ya neno inaonyesha jambo hilohilo. Kitenzi 'kutania' kinaweza kuwa cha upande mmoja: Juma anamtania Ali. Lakini uhusiano wenyewe hutajwa kwa kauli ya kutendana: Juma na Ali wanataniana. Hakuna mtani wa upande mmoja. Ukimtania mtu ambaye hana haki ya kukutania wewe, huo si utani. Ni dharau, au ni uonevu. Maneno mengine ambayo Kiswahili kingeweza kuyatumia kwa Simba na Yanga hayana sharti hilo. 'Adui', ambalo asili yake ni Kiarabu, halidai usawa wowote; mtu aweza kuwa na adui asiyemjua kabisa. 'Hasimu', nalo la Kiarabu, asili yake ni mtu wa upande wa pili katika kesi, na waandishi wengine wa michezo hulitumia, husema 'mahasimu wa jadi', pengine kwa kutaka kubadilisha ladha ya sentensi tu. 'Mpinzani' linatokana na kupinga, na leo limebanwa sana na siasa. 'Mshindani' ni neno safi, ila halina joto. Kwa Kilatini, neno lililozaa lile la mpinzani katika Kifaransa na Kiingereza lilimaanisha mtu anayetumia kijito kimoja cha maji na mwenzake. Mfugaji wa Masisi hahitaji kuelezwa ni kwa nini watu wanaonywesha ng'ombe mahali pamoja hugombana. Hata hivyo neno hilo linaeleza chanzo cha ugomvi tu. Halisemi wagombanao wafanye nini baadaye.

'Wa jadi' halina budi kutazamwa pia. 'Jadi' ni la Kiarabu, lenye kutaja babu na nasaba. Wanaosema 'watani wa jadi' wanadai kwamba Simba na Yanga walirithishana utani kama makabila mawili yanavyorithishana. Dai hilo, kwa kipimo cha historia, ni la ajabu kidogo, maana mnamo 1974 klabu hizo zilikuwa hazijatimiza hata miaka arobaini. Lakini lugha haikungoja. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa umejaa watu wa makabila yaliyokuwa na watani wao tayari, waliojua jinsi ya kuishi na mtani, na walipopata mgawanyiko mpya, ule wa kijani na nyekundu, waliupa umbo walilolizoea. Ndivyo Mnyamwezi na Mzaramo wanavyoweza kuwa upande mmoja wa utani huu mpya, huku wakibaki watani kwa ule wa zamani.

Mwanafunzi wa sarufi atapata faida nyingine katika michezo hii. Mnyama simba, ingawa umbo la jina lake ni la ngeli ya N, hupatanishwa kama kiumbe hai: simba amelala, simba wamelala. Timu ya Simba haifanyi hivyo. Husemwa 'Simba imeshinda', 'Yanga yaifunga Simba', kwa kiambishi cha ngeli ya timu. Mwandishi wa habari akisema 'Yanga yamfunga simba', msomaji atamwona mnyama aliyetiwa kamba. Na kuna hali ya tatu: mtangazaji anapozidiwa na mambo ya uwanjani huacha 'imekosa' akasema 'Simba wamekosa bao la wazi', kwa kuwa wakati huo macho yake yanaona watu kumi na mmoja, haoni klabu. Hivyo jina moja lina upatanisho wa namna tatu, na wazungumzaji huzibadili bila kukosea. Katika Kiswahili cha Kivu, ambamo upatanisho wa ngeli umepunguzwa kwa kiasi kikubwa, tofauti hizi hazisikiki vizuri, na ndiyo maana mifano ya michezo hufaa sana darasani: mwanafunzi anataka kujua nani alishinda, basi analazimika kusikiliza kiambishi. Jina la Yanga nalo lina somo lake. Ni kivumishi cha Kiingereza kilichoachwa na nomino yake, kikapewa irabu ya mwisho, kikawa nomino kamili.

Turudi kwenye mchezo. Nyamagana haikusahauliwa, na namna inavyokumbukwa ni ya kiutani hasa. Katika utani wa kabila, watani hukumbushana vita vya mababu: nani alimkimbia nani, nani alijificha wapi. Katika utani wa mpira, kumbukumbu hizo ni tarehe na idadi ya mabao. Shabiki wa Yanga akimtajia mwenzake Nyamagana, atajibiwa kwa tarehe 19 Julai 1977, siku Simba iliposhinda 6-0 na Abdallah Kibadeni akafunga mabao matatu. Wa Yanga atarudi nyuma hadi 1 Juni 1968, ilipoifunga Sunderland 5-0. Wa Simba atataja 6 Mei 2012, naye 5-0. Wa Yanga atataja 5 Novemba 2023, 5-1. Hesabu haifungwi, na wala haikusudiwi kufungwa. Deni likilipwa lote hakuna tena sababu ya kutaniana, na kwa hiyo kila upande, pasipo kukiri, unamhitaji mwenzake aendelee kuwepo.

Michezo ya fainali kati yao ina uzito wa pekee katika hesabu hiyo, kwa kuwa si mingi. Mwaka 1975 walikutana Zanzibar katika fainali ya klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati, Yanga ikashinda 2-0. Mwaka 1992, hukohuko Zanzibar, Simba ilishinda kwa mikwaju ya penati. Mwaka 2011, Dar es Salaam, Yanga ilishinda 1-0 katika muda wa nyongeza. Lakini mzee wa mjini akiulizwa, mara nyingi ataanza na Nyamagana, kwa sababu bao la dakika ya 87 linauma zaidi kuliko mabao matano. Aliyefungwa matano alikwisha kukata tamaa mapema; aliyefungwa dakika ya 87 alikuwa tayari ameanza kusherehekea.

Isidhaniwe kwamba utani umeondoa magomvi. Zipo hasira, zipo rufaa, zipo mechi zilizoharibika. Mwezi Machi 2025 mchezo wao wa ligi uliahirishwa siku ileile uliyopangwa kuchezwa, baada ya Simba kutangaza kwamba haitaingia uwanjani. Ukachezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2-0. Maneno makali yaliyosemwa kati ya tarehe hizo mbili hayakuwa utani wote. Utani una mipaka, na wanaoutumia hujua pale ulipovukwa; ndiyo sababu huulizwa mara nyingi swali hili: 'Huo ni utani, au unamaanisha?' Lugha isiyokuwa na neno la utani haiwezi kuuliza swali hilo kwa ufupi namna hiyo.

Kwa upande wa Kongo, timu zenye uhasama wa muda mrefu si haba. Lubumbashi ina Mazembe na Lupopo. Kati ya Lubumbashi na Kinshasa kuna Mazembe na Vita Club, hii ya mwisho ikiwa imeundwa mwaka uleule wa Yanga, 1935, na ikiwa na jina ambalo kwa sikio la Mswahili wa mashariki lina maana moja tu, isiyopendeza. Tarehe 11 Mei 2014, Vita na Mazembe zilipokutana katika uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, watu zaidi ya kumi walikufa kwa kukanyagana. Karibu zaidi na Karuba, katika mkoa huuhuu wa Kivu Kaskazini, timu mbili za mji mmoja wa Butembo, Nyuki System na Socozaki, zilikutana mwezi Septemba 2008. Zikazuka tuhuma za uchawi uwanjani, ghasia zikafuata, na watu zaidi ya kumi hawakurudi nyumbani, wengi wao wakiwa na umri wa kwenda shule.

Ingekuwa kosa kubwa la kitaaluma kudai kwamba vifo hivyo vilitokana na upungufu wa msamiati. Milango ya uwanja, idadi ya walioingia, mwenendo wa walinzi wa usalama, hofu ya uchawi: hayo ndiyo mambo ya kuchunguzwa kwanza. Lakini ni haki kuuliza ni majina gani yaliyopo tayari mdomoni mwa watu pale timu mbili za jirani zinapokutana. Masisi ina sababu ya kuuliza. Mapigano yaliyoanza Walikale mwaka 1993 yakaenea hadi Masisi yaliwakuta watu waliokuwa wakisoma shule moja na kuuziana maziwa, na tangu hapo neno 'adui' limetamkwa katika milima hiyo mara nyingi mno, na kwa maana yake halisi. Mwalimu wa Karuba anayepanga mechi kati ya darasa la tano na la sita, au kati ya kijiji cha juu na cha bonde, anatumia lugha ambayo maneno yake ya ushindani yamekwisha kutumika kwa mambo mengine.

Mwalimu huyo aweza kulichukua neno 'watani' kutoka redioni? Kifonolojia hakuna kizuizi. Litakuwa 'batani', kama 'watoto' walivyokuwa 'batoto', na umoja wake 'mutani'. Kizuizi kiko kwingine. Neno likija peke yake, bila masharti yake, litakuwa jina jipya la adui, na kosa la mwanafunzi wa tafsiri litakuwa limehalalishwa. Litakapofundishwa, budi lifundishwe pamoja na wajibu wake: kwamba mtani haruhusiwi kukasirika, kwamba anayetukana leo ndiye atakayebeba jeneza kesho, na kwamba haki ya kucheka ni ya pande mbili. Vitabu vya kusomea vya miaka ya kwanza ya shule ya msingi, ambayo katika mashariki ya nchi husomeshwa kwa Kiswahili, vingeweza kuibeba hadithi ya Nyamagana kwa kurasa mbili au tatu: Simba mbele kwa dakika 71, Sembuli, Manara, kisha safari ndefu ya kurudi Dar es Salaam, washindi na walioshindwa wakiwa njia moja, wakielekea ujirani uleule.